Barua Iliyopanda Kutoka Bukidnon

Mwaka 1987, wakulima wa San Fernando, mkoani Bukidnon katika kisiwa cha Mindanao, walijipanga barabarani wakayazuia malori ya magogo. Silaha hawakuwa nazo. Walikuwa na miili yao, na parokia iliyosimama nyuma yao. Jambo walilolipigania walikuwa wamelishuhudia kwa macho: msitu wa mlimani ukiisha, maji ya mpunga wa bondeni nayo huisha, na mvua zikirudi hushuka na udongo mzima.

Ufilipino ni nchi ambayo karibu watu wanane kati ya kumi ni Wakatoliki. Kwa hiyo si ajabu kama mwenye kibali cha kukata miti, dereva wa lori na mama aliyeketi mbele ya gurudumu wote walibatizwa kwa maji yaleyale. Chini ya utawala wa Ferdinand Marcos, vibali hivyo viligawiwa kama zawadi kwa marafiki, na mbao zikapakiwa melini kupelekwa Japani na kwingineko. Marcos alianguka mwaka 1986. Misumeno haikuanguka naye.

Tarehe 29 Januari 1988, Baraza la Maaskofu Katoliki wa Ufilipino lilitoa barua ya kichungaji ambayo kichwa chake kilikuwa swali: nchi yetu nzuri imepatwa na nini? Miongoni mwa walioshiriki kuiandaa alikuwa Sean McDonagh, padre kutoka Ireland aliyeishi miaka mingi kati ya Watboli wa Mindanao. Barua iliwataja watu wa San Fernando, pamoja na Wakalinga wa kaskazini waliopinga bwawa la mto Chico, kuwa mfano wa kuigwa. Kisha ikasema kinagaubaga kwamba kuharibu uumbaji ni dhambi.

Uzito wa barua ulikuwa katika neno hilo. Hasara, uzembe au sera mbovu ni mambo ya wizarani. Dhambi humfuata mtu hadi kwenye kiti cha kitubio, na aliyetia saini kibali akiwa ofisini hawezi kuibandika kwa mbeba shoka.

Roma yenyewe haikuwa imelala, ila ilitembea taratibu. Mwaka 1971 Papa Paulo VI aliandika kwa ufupi juu ya binadamu anayeiharibu dunia hadi uharibifu unamrudia mwenyewe. Kabla yake, mwaka 1967, mwanahistoria Mmarekani Lynn White alikuwa ameutupia Ukristo wa Magharibi lawama kwamba ulilishika neno la kitabu cha Mwanzo la kuitiisha nchi. Wengi waliomjibu walimwonyesha sura inayofuata, ambako Adamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Lakini White, aliyekuwa Mpresbiteri, alimaliza makala yake kwa kupendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaikolojia. Miaka 12 baadaye, Novemba 1979, Yohane Paulo II alimtangaza hivyo. Si kila siku mshitaki huishia kumchagulia mshitakiwa mtakatifu wake.

Ujumbe wa kwanza wa Papa wa Siku ya Amani Duniani uliozungumzia mazingira moja kwa moja ulikuwa wa tarehe 1 Januari 1990. Barua ya Ufilipino ilikuwa na karibu miaka miwili tayari.

Huko Bukidnon maneno yalikuwa yamekwisha kugeuka kazi. Serikali iliwapa raia mamlaka ya kulinda misitu, na Askofu Gaudencio Rosales wa Malaybalay akaridhia mapadre wake wawe miongoni mwao. Mmoja wao alikuwa Padre Nerilito Satur, kijana mwenye upadrisho mchanga, aliyekamata mbao za magendo huku akiendelea na utume wake wa kawaida. Tarehe 14 Oktoba 1991 aliviziwa njiani, akauawa.

Wiki tatu baadaye, tarehe 5 Novemba, dhoruba ilipita kisiwani Leyte. Maji yaliporomoka kutoka vilima vilivyokwisha kukatwa miti yake ya asili, yakaingia mji wa Ormoc na kuua maelfu ya watu kwa muda wa saa chache.

Waraka wa Papa Fransisko, *Laudato Si'*, ulitangazwa tarehe 18 Juni 2015. Mwezi Novemba alifika Nairobi, akapanda mti katika ofisi za Umoja wa Mataifa huko Gigiri, siku chache kabla ya mkutano wa tabianchi wa Paris. Waliousoma waraka huo hadi kwenye tanbihi waliona jambo lisilo la kawaida: Papa alikuwa akiwanukuu maaskofu wa Afrika Kusini, Bolivia, Japani, Brazili na kwingine kwingi, badala ya watangulizi wake peke yao. Katika aya ya 41, panapozungumziwa matumbawe yaliyokufa, maneno yanayonukuliwa ni ya barua ile ya 1988.

Bukidnon haipakani na bahari. Udongo wake hufika huko kwa mto Pulangi, unaoteremka kuungana na Rio Grande de Mindanao na kumwaga maji yake karibu na Cotabato.