Kutu, adui wa chuma cha pwani

Mtaa wa Yide Lu umo mjini Guangzhou, kusini mwa China. Mtaa huo unajulikana kwa masoko ya jumla, na mji wenyewe hutembelewa na wafanyabiashara wengi wa Afrika.

Chuma hushika kutu kikutanapo na maji na oksijeni, na chumvi ya bahari huharakisha uharibifu huo. Kwa hiyo kufuli ing'aayo dukani yaweza kuharibika mapema Mombasa au Zanzibar.

Mabati hupakwa zinki, ambayo huliwa kwanza na hivyo kukinusuru chuma.

Katika maabara, sampuli hunyunyiziwa ukungu wa maji yenye asilimia 5 ya chumvi, katika nyuzi joto 35 za Selsiasi. Kipimo hicho, kilichoainishwa katika kanuni ya kimataifa ISO 9227, hufichua kasoro za mipako. Hakitabiri miaka ambayo bati litadumu.