Malaika wa Blythburgh: miaka 600 ya kanisa lililoponea chupuchupu

Ifikapo Agosti 4, 2027 itatimia miaka 450 tangu dhoruba ilipolipiga Kanisa la Utatu Mtakatifu la Blythburgh, katika jimbo la Suffolk mashariki mwa Uingereza. Ilikuwa Jumapili, watu wakiwa katika ibada. Ncha ya mnara iliporomoka, ikatoboa paa, na watu wakafa. Ncha hiyo haikujengwa tena, ndiyo maana mnara unaoonekana leo umekatika bapa.

Mwaka uleule wa 1577, mwandishi Abraham Fleming alichapisha kijitabu kuhusu dhoruba ya siku hiyo. Ndani yake, radi imekuwa mbwa mweusi wa kishetani aliyelivamia kanisa la mji wa Bungay, kilomita 20 hivi kutoka hapo, kisha akatokea Blythburgh kuua na kuunguza. Hadi leo wageni huoneshwa alama nyeusi kwenye mlango wa kaskazini na kuambiwa ni kucha za mbwa huyo. Wengi hupiga picha mlango, wakaondoka. Wanakosea, kwa sababu hazina ya kanisa hili iko juu ya vichwa vyao.

Watawa wa Kiagustino waliokuwa na nyumba jirani walipata ruhusa ya kifalme mwaka 1412, na ujenzi ukaendelea kwa sehemu kubwa ya karne ya 15. Blythburgh wakati huo ilikuwa bandari ya mtoni yenye biashara na uvuvi. Kuta zilijengwa kwa mawe ya gumegume, na juu yake ikawekwa safu ya madirisha 18 kila upande, kiasi kwamba ukumbi mzima huoga mwanga unaotoka kwenye kinamasi cha mto Blyth. Kwenye ncha za mabenchi mafundi walichonga dhambi kubwa: uvivu ni mtu aliye kitandani, ulafi ni mtu mwenye tumbo lililofura.

Juu kabisa, katikati ya dari ya mbao, wako malaika. Wamepangwa wawili wawili, mgongo kwa mgongo, mmoja akitazama madhabahu na mwenzake akitazama mnara, mabawa yamekunjuliwa. Rangi walizopakwa enzi zile bado zinaonekana, zimefifia lakini hazijapakwa upya. Ukisimama chini yao shingo inauma, na bado hutaki kuinamisha kichwa.

Malaika hao wana majeraha, na kwa vizazi vingi aliyelaumiwa ni William Dowsing. Huyu alikuwa Mpuritani, mzaliwa wa Suffolk, aliyepewa kazi mwishoni mwa 1643, wakati wa vita kati ya Bunge na Mfalme Charles wa Kwanza, ya kuondoa makanisani kila kilichohesabiwa kuwa ibada ya sanamu. Alizunguka makanisa zaidi ya 200 ya Cambridgeshire na Suffolk, akiandika shajara. Alifika Blythburgh Aprili 1644, na kwa maandishi yake mwenyewe alivunja maandishi ya kuwaombea marehemu, akaamuru picha zaidi ya 200 ziondolewe ndani ya siku nane, pamoja na makerubi 20. Vioo vya rangi vya karne ya 15 vilikwisha. Vimebaki vipande tu.

Ila malaika wa darini walibaki. Hadithi ikawa kwamba askari wa Dowsing, waliposhindwa kuwafikia, waliwapiga risasi kutoka chini. Marisau yaliyokutwa kwenye mbao yakatajwa kuwa ushahidi. Lakini marisau hayo ni ya baadaye, na hesabu za kanisa za karne ya 18 zinaonesha kuwa watu walilipwa kuwapiga bunduki kunguru wadogo waliojaa humo. Kwa hiyo aliyewatoboa malaika alitumwa na wazee wa kanisa lenyewe. Dowsing abebe mzigo wa vioo, nao ni mzito wa kutosha. Wa marisau si wake.

Adui mkubwa kuliko shoka na bunduki alikuwa mvua. Nyumba ya watawa ilifungwa katika miaka ya 1530, mto ukajaa mchanga, meli zikahama, na kijiji kikaachiwa jengo la ukubwa kisioumudu. Husimuliwa kuwa katika karne ya 19 waumini walifungua miamvuli wakati wa mahubiri. Mwaka 1881 askofu aliamuru kanisa lifungwe kwa sababu ya usalama.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi. Kasisi na kamati yake walitaka matengenezo makubwa, wapate mahali pa kusali. Upande wa pili kulikuwa na Chama cha Kulinda Majengo ya Kale, kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris, mshairi na mbunifu. Hao walisema: zibeni paa, shikizeni ukuta, mengine msiguse. Wakati ule makanisa mengi ya Uingereza yalikuwa yakikwanguliwa na kufanywa mapya hadi yakafanana. Barua zilirushwa huku na huku. Kanisa lilifunguliwa mwaka 1884, kazi ikaendelea polepole kwa miaka mingi, fedha zikiwa chache. Umaskini na ubishi wa akina Morris ndivyo vilivyowaachia malaika rangi zao.

Karne ya 20 ilileta matengenezo zaidi, na mwaka 1969, ukumbi wa muziki wa Snape ulipoungua, tamasha la muziki la mtunzi Benjamin Britten lilipata hifadhi chini ya malaika hao.

Leo kijiji kina wakazi takriban 300. Kama ilivyo kwa makanisa mengi ya kale Uingereza, waumini ndio hubeba gharama za paa na kuta. Mpango wa serikali wa kuwarudishia kodi ya ongezeko la thamani kwenye matengenezo uliwekewa kikomo mwaka 2025, pauni 25,000 kwa jengo kwa mwaka, kisha ukafungwa mwaka 2026. Kwa paa la ukubwa huu hata hizo zilikuwa fedha ndogo mno. Nchi inayojivunia makanisa haya kwenye kadi za posta haina budi kuchangia zaidi gharama hizo, kabla mvua haijamaliza kazi aliyoiacha Dowsing.