Wanawake na daraja za kanisa: Safari ya kutoka ukasisi hadi uaskofu

MNAMO Septemba 2021, Kanisa Anglikana la Kenya lilimweka wakfu Rose Okeno kuwa Askofu wa Dayosisi ya Butere, magharibi mwa nchi hiyo, naye akawa mwanamke wa kwanza kukabidhiwa dayosisi katika kanisa hilo. Januari mwaka huohuo, Emily Onyango, mwanahistoria na mhadhiri wa theolojia, alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu msaidizi wa Bondo.

Kwa wengi waliozisikia, habari hizo zilikuja kwa ghafla. Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguliwa zamani. Mwaka 1983, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimpa Lucia Okuthe daraja ya ukasisi, na mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi nchini Uganda aliwawekea mikono wanawake watatu. Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) lilikuwa limekwisha kumpa uchungaji Nyambura Njoroge mwaka 1982.

Kati ya ukasisi wa Okuthe na uaskofu wa Okeno ilipita miaka 38. Nchini Uingereza, ambako makasisi wa kwanza wanawake walipewa daraja mwaka 1994 na askofu wa kwanza, Libby Lane, akawekwa wakfu mwaka 2015, ilipita miaka 21, nayo haikupita kwa amani: Novemba 2012 pendekezo la kuruhusu maaskofu wanawake lilianguka kwa upungufu wa kura sita tu za wajumbe walei katika Sinodi Kuu.

Ili kuelewa kinachochelewesha, ni lazima kutenganisha maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni la mafundisho: je, mwanamke anaweza kupewa daraja takatifu? La pili ni la utaratibu: kanisa likishasema anaweza, nani atampa kura?

Katika swali la kwanza, wanaopinga husimamia zaidi nyaraka za Mtume Paulo, hasa 1 Timotheo 2:12, panapomkataza mwanamke kufundisha na kumtawala mwanamume, na 1 Wakorintho 14:34, panapowataka wanawake wanyamaze katika kanisa. Huongeza kwamba wale mitume kumi na wawili walikuwa wanaume wote, na kwamba sifa za askofu katika 1 Timotheo sura ya 3 zinamtaja mume wa mke mmoja.

Wanaounga mkono hujibu kwa kumtumia Paulo huyohuyo. Katika 1 Wakorintho 11:5 anazungumzia wanawake wanaosali na kutoa unabii, kwa hiyo ule unyamavu wa sura ya 14 hauwezi kuwa wa kila wakati na kila mahali. Katika Matendo 18:26, Prisila pamoja na mumewe Akila wanamfundisha Apolo, aliyekuwa mhubiri hodari. Katika Agano la Kale, Debora alikuwa mwamuzi wa Israeli yote, na katika Injili ya Yohana, Mariamu Magdalene ndiye anayetumwa wa kwanza kuwapelekea wanafunzi habari za ufufuo.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ana jambo jingine la kutazama. Katika Warumi 16:1 Paulo anamtambulisha Fibi wa Kenkrea, na tafsiri ya Union Version inamwita mhudumu. Neno la Kiyunani lililopo hapo ndilo lililopo katika Wafilipi 1:1 na 1 Timotheo 3:8, ambako tafsiri hiyohiyo inaandika mashemasi. Si haki kuwashutumu watafsiri moja kwa moja, kwa kuwa neno hilo lina maana zote mbili, na Paulo mwenyewe huitwa mhudumu katika Waefeso 3:7. Lakini muumini asiyejua Kiyunani husoma habari za Fibi maisha yake yote bila kufahamu kwamba huenda alikuwa na cheo.

Ubishi huo wa aya haujaamua jambo katika Kanisa Katoliki, ambalo hoja yake ni nyingine. Tamko la Vatican la mwaka 1976, na baadaye waraka wa Papa Yohane Paulo II wa Mei 1994, vilieleza kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadri, kwa kuwa Kristo aliwachagua wanaume kuwa mitume na Kanisa limeushika utaratibu huo tangu mwanzo. Kwa maelezo hayo, suala si uwezo wa mwanamke wala mila za jamii. Kanisa linajiona limefungwa mikono.

Hata hivyo, Wakatoliki wameanza kutenganisha daraja na utawala. Oktoba 2023 wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza katika Sinodi ya Maaskofu. Januari 2025, Papa Fransisko alimteua Sista Simona Brambilla, mtawa wa Konsolata aliyewahi kuwa mmisionari Msumbiji, kuwa mkuu wa idara ya Vatican inayosimamia watawa duniani, naye Sista Raffaella Petrini akawa mkuu wa serikali ya Jiji la Vatican Machi mwaka huo. Brambilla aliwekewa kardinali wa kusaidiana naye, na wachunguzi wa mambo ya Kanisa hawakuacha kuuliza sahihi ya nani ndiyo ya mwisho.

Kwa upande wa Walutheri, Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) uliridhia mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na wa kwanza walibarikiwa mwaka uliofuata. Dayosisi hazikwenda kwa mwendo mmoja. Nyingine zilichukua miaka kabla ya kutekeleza.

Majirani zao wa Kenya walishika njia tofauti. Walter Obare, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nchini humo, alisafiri hadi Sweden Februari 2005 kumweka wakfu askofu wa kundi lililojitenga na Kanisa la Sweden kwa kukataa uchungaji wa wanawake. Ilikuwa ajabu ya historia: Kanisa la Afrika, lililopandwa na wamisionari kutoka Skandinavia, likirudi huko kuwaunga mkono waliosema Skandinavia imepotoka.

Mfano huo unaonyesha kwamba wale wanaodhani mambo haya husonga mbele daima wanakosea. Nchini Latvia, Walutheri waliokuwa wakiwabariki wanawake waliacha mwaka 1993 alipoingia askofu mkuu mpya, na sinodi ya mwaka 2016 ikaandika katika katiba kwamba uchungaji ni wa wanaume. Waadventista Wasabato nao, ambao Ellen White alikuwa miongoni mwa waasisi wao, walipiga kura huko San Antonio, Marekani, Julai 2015. Wajumbe 1,381 walikataa kila divisheni iachiwe kuamua juu ya kuwawekea wanawake mikono, dhidi ya 977 waliokubali.

Makanisa ya Kipentekoste na huduma binafsi yamekuwa na njia fupi zaidi. Gertrude Rwakatare, aliyefariki Aprili 2020, aliongoza kanisa la Mikocheni B jijini Dar es Salaam na akawa mbunge. Margaret Wanjiru wa Nairobi alianzisha huduma yake, akaitwa askofu, kisha akachaguliwa kuwa mbunge wa Starehe mwaka 2007. Hapakuhitajika kura ya sinodi, kwa sababu mwanzilishi haombi kazi kwa mtu. Lakini njia hiyo haimsaidii mchungaji wa kawaida aliye ndani ya kanisa lenye katiba, dayosisi na orodha ya vyeo.

Hapo ndipo swali la pili linapobana. Askofu wa Kianglikana huchaguliwa. Anayefikiriwa ni kasisi mwenye miaka mingi ya utumishi, aliyewahi kuongoza parokia kubwa, aliyeshika nafasi katika makao makuu ya dayosisi na anayejulikana kwa wajumbe. Mwanamke anayepangwa shuleni, hospitalini au katika idara ya akina mama hufanya kazi ya heshima, ila jina lake halifiki kwenye orodha hiyo. Katiba inamruhusu, lakini njia ya kufikia kura haipiti pale alipopangwa.

Hata lugha ya heshima huchukua muda kuzoea. Kwa miaka mingi "mama mchungaji" limekuwa jina la mke wa mchungaji, mwenye nafasi yake ya ushauri na ukarimu katika usharika. Anapokuja mchungaji aliye mwanamke, washarika hulazimika kueleza wanamkusudia mama yupi, na mume wake hubaki bila jina kabisa.

Kikwazo kingine ni cha uhusiano wa kimataifa. Umoja wa GAFCON, unaoyakusanya makanisa ya Kianglikana yenye msimamo wa kihafidhina, uliyaomba makanisa wanachama yasiwaweke wakfu maaskofu wanawake hadi yapatikane makubaliano. Sudan Kusini ilikuwa na Elizabeth Awut Ngor, askofu msaidizi wa Rumbek, tangu mwisho wa 2016, na Kenya ikafuata mwaka 2021. Kusini mwa bara, Ellinah Wamukoya wa Swaziland, sasa Eswatini, alikuwa amewatangulia wote mwaka 2012.

Oktoba 2025, ilipotangazwa kwamba Sarah Mullally, aliyewahi kuwa muuguzi mkuu wa Serikali ya Uingereza, atakuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwenyekiti wa GAFCON, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, alitoa tamko la kupinga. Alitaja jinsia yake, na pia msimamo wake kuhusu kubariki uhusiano wa watu wa jinsia moja. Kanisa la Rwanda lenyewe lina makasisi wanawake. Kwa maana hiyo mgogoro huo haukuhusu kama mwanamke anaweza kusimama madhabahuni, bali kama anaweza kuwa juu ya wale wanaosimama hapo.

Waliotangulia walikwisha kuonja gharama ya kusubiri makubaliano. Florence Li Tim-Oi alipewa ukasisi na Askofu wa Hong Kong mwaka 1944, wakati vita viliwazuia makasisi wanaume kuwafikia waumini wa Makau. Vita vilipokwisha, makao makuu ya Uingereza hayakuridhika, naye mwaka 1946 akarudisha leseni yake ili askofu wake asipate matatizo. Wanawake wengine wawili walipata daraja hiyo Hong Kong mwaka 1971, baada ya robo karne.