Bukari yetu inatoka wapi?

Kila mwaka ninauliza wanafunzi wangu hapa Lubumbashi: bukari munakula nyumbani, unga wake unatoka wapi? Wanajibu kwa sauti moja: Kasumbalesa! Yaani ku mpaka, kutoka Zambia. Hakuna anayetaja shamba.

Jibu lile si la uongo, tena ni la zamani. Mbele ya Wazungu kufika, Walamba wa pande hizi walilima mtama, na bukari ilikuwa ya mtama. Reli kutoka kusini ilifika mu 1910, na mwaka uliofuata Union Minière ikaanza kuyeyusha shaba. Watu wakaja kwa maelfu. Vijiji vilikuwa vichache, havikuweza kulisha mji mzima, basi unga wa mahindi ukapanda treni kutoka Rodezia. Kampuni ikaugawa kama poso, pamoja na samaki, mafuta na chumvi. Kiisha, kuanzia 1928 hivi, ilipotaka wafanyakazi wakae mu kambi pamoja na bibi na watoto wao, poso ilipimwa hata kwa mtoto.

Wazee wanasema ule wakati hakuna mtu alilala njaa. Sikatai. Lakini mama aliyetoka kijijini akijua mbegu na udongo, alifika kambini akapanga mustari. Watoto wake walijua siku ya poso kuliko majira ya kupanda.

Mu 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, mu 1991 watu wakapora mji, na Gécamines ikaanguka. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaachishwa kazi kwa malipo ya mwisho. Ni wamama ndio walishika mji. Walilima lengalenga na matembele nyuma ya nyumba, kando ya reli, mu mabonde ya mito. Mama yangu alikuwa na matuta kumi na mawili kando ya mto. Alimwagilia saa kumi na moja ya asubuhi, kiisha akaenda soko. Minervali yangu ilitoka mule.

Wakati Moïse Katumbi alikuwa gavana (2007–2015), kila kampuni ya madini iliombwa kulima hekta 500 za mahindi. Nilifurahi, kama watu wengi. Lakini lilikuwa wazo lile lile la poso: kampuni itulishe. Mu 2024 ukame ukapiga Zambia, na hapa bei ya mfuko wa unga ikatuumiza tena.

Kwa hiyo ninaomba chama chetu kiende kuona wakubwa wa komini, tuandike mabonde yote ambayo wamama wangali wanalima, moja moja, na jina lake, mbele hayajakatwa parseli. Tupime na udongo wake, sababu karibu na bomba la kiwanda una shaba na risasi ya miaka mingi. Bonde la mama yangu halitakuwa ku ile liste. Liko na nyumba nane sasa, na depo moja ya unga.