Utatuzi wa matatizo ya usawazishaji wa saa kwa PTP

PTP ni itifaki inayowezesha saa za kompyuta na mitambo mingine iliyounganishwa katika mtandao mmoja kuonyesha wakati uleule, kwa tofauti iliyo chini ya mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kanuni zake zimewekwa katika kiwango cha IEEE 1588, kilichotolewa mwaka 2002. Toleo la mwaka 2008 halielewani na lile la kwanza, lakini toleo la 2019 linaelewana na la 2008.

Kwa kompyuta za kawaida hutosha itifaki ya zamani zaidi, NTP, iliyobuniwa na Mmarekani David Mills. PTP huhitajika pale ambapo milisekunde ni nyingi mno. Kwa mfano, minara ya simu inayotuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale isipotofautiana na wakati wa pamoja kwa zaidi ya mikrosekunde 1.5, haivurugani. Ikizidi hapo, mmoja huanza kutuma wakati jirani yake angali anapokea.

Jinsi inavyofanya kazi

Saa kuu, ambayo mara nyingi hupokea wakati kutoka setilaiti za GPS, hutuma ujumbe kwa saa fuasi. Nyakati nne huandikwa: t1 ujumbe unapotoka saa kuu, t2 unapofika saa fuasi, t3 saa fuasi inapotuma ombi lake, na t4 ombi linapofika saa kuu. Tofauti ya saa hizo mbili hupatikana hivi:

tofauti = ((t2 − t1) − (t4 − t3)) ÷ 2

Hesabu hii ni sahihi ikiwa tu safari ya kwenda huchukua muda sawa na safari ya kurudi.

Matatizo ya kawaida

Ujumbe haufiki. PTP juu ya UDP hutumia milango namba 319 na 320 na anwani ya kundi 224.0.1.129. Ukuta wa moto huweza kufunga milango hiyo, na swichi huweza kuzuia ujumbe wa kundi. Aidha, saa zote zinapaswa kuwa na namba moja ya eneo la PTP na njia moja ya kupima ucheleweshaji.

Saa isiyofaa inakuwa saa kuu. Saa huchaguana zenyewe kwa kulinganisha kwanza namba ya kipaumbele, kisha ubora. Namba ndogo hushinda. Kwa kawaida kila kifaa huanza na 128. Kompyuta iliyowekewa namba ndogo kuliko saa yenye GPS itaongoza mtandao wote, hata kama wakati wake si sahihi.

Muda unaandikwa na programu. Kadi ya mtandao isiyo na uwezo wa kuandika muda wenyewe huiachia programu kazi hiyo, na shughuli nyingine za kompyuta huichelewesha. Dalili yake ni tofauti inayorukaruka. Katika Linux, amri ya ethtool -T huonyesha uwezo wa kadi.

Programu mbili zinaongoza saa moja. Programu ya NTP ikiachwa ikifanya kazi pamoja na ile ya PTP, kila moja huvuta saa ya kompyuta upande wake.

Kosa la sekunde 37 kamili. PTP kwa kawaida hutumia wakati wa atomiki, TAI, ambao tangu tarehe 1 Januari 2017 uko mbele ya UTC kwa sekunde 37. Kosa la kiasi hicho huonyesha kwamba ubadilishaji kutoka TAI kwenda UTC haukufanyika.

Njia zisizolingana

Hili ndilo tatizo gumu kugundua, kwa kuwa PTP yenyewe haiwezi kuliona. Tuseme ujumbe unachukua mikrosekunde 100 kwenda na 60 kurudi. Saa fuasi itajirekebisha mpaka ioneshe tofauti ya 0, kumbe imechelewa kwa mikrosekunde 20, yaani nusu ya tofauti ya safari hizo mbili. Chanzo huweza kuwa foleni katika swichi zisizo na PTP, au nyuzi mbili za mkongo zenye urefu tofauti. Mwanga huchukua takriban nanosekunde 5 kupita mita moja ya uzi, hivyo mita 100 za ziada upande mmoja huleta kosa la nanosekunde 250.

Kwa hiyo tofauti ndogo inayoonyeshwa na saa fuasi si uthibitisho kwamba saa ni sahihi. Uthibitisho hupatikana kwa kulinganisha, kwa kutumia osiloskopu, mpigo wake wa kila sekunde na ule wa kipokezi cha GPS kisichotegemea mtandao huo. Kosa lisilobadilika likishapimwa, huandikwa katika mipangilio ya PTP ili liondolewe katika hesabu. Foleni hubadilika kila wakati, hivyo dawa yake ni swichi zinazofahamu PTP.