Gari la Garsen Huanzia Ukingoni

Anayetafuta gari la kumbeba mtu wa kiti cha magurudumu hushauriwa kulichunguza gari lenyewe: mlango una upana gani, sakafu iko juu kiasi gani, rampu ipo au haipo. Historia ya Mto Tana inaonyesha kwamba la kutazamwa kwanza ni mahali pa kupandia. Kabla ya barabara, njia kuu ya delta ilikuwa maji. Wapokomo walijenga vijiji vyao ukingoni na kusafiri kwa mitumbwi ya gogo moja. Katika karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha Tana na mto Ozi, ili vyombo vifike Kipini, mlangoni pa Ozi, bila kupita mlangoni pa Tana penye mawimbi, na mwaka 1891 hata meli ya mvuke, Kenia, iliupanda mto. Asiyeweza kutembea alibebwa hatua chache tu kutoka nyumbani hadi majini, na akishaingia mtumbwini alikaa chini sawa na abiria wengine. Atakayesema kwamba naupamba umaskini ana hoja: mto ulikuwa na mamba na viboko, kubebwa mgongoni si uhuru, na asiye na ndugu wa kumbeba alibaki kwao. Hata hivyo chombo na mahali pa kukipandia vilikwenda pamoja, na hilo ndilo barabara ililolivunja.

Matatu ziliporuhusiwa mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni ya usafiri wa umma, biashara ikawa ya kuuza nafasi. Mwenye kiti cha magurudumu huchukua muda wa makanga na nafasi ya abiria mwingine, na mara nyingi kiti chake huhesabiwa mzigo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyofuatwa na nyingine mwaka 2025, iliwataka wenye magari ya umma wayarekebishe, na Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 ikataja haki ya kuufikia usafiri wa umma. Ni hatua njema, ila agizo la kurekebisha gari halisemi lolote kuhusu steji ya vumbi ambayo mvua huigeuza matope.

Wengine hujibu kwamba aliye na uwezo aagize gari lake, maana sheria inaruhusu msamaha wa ushuru kwa gari lililotengenezwa kwa mtu mwenye ulemavu. Tatizo ni kwamba magari mengi ya namna hiyo kutoka Japani yameshushwa sakafu ili rampu isiwe na mwinuko mkali, na tumbo lake likakaribia ardhi. Kwenye lami ya kwenda Malindi yanafaa. Kwenye udongo mweusi wa delta, wakati wa masika, hunasa. Aidha Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo bei haishuki sana. Ndiyo maana naona gari la kawaida lililoinuka, lenye rampu ya kubebeka, pamoja na jukwaa la zege la kupandia kwenye steji ya mji wa Garsen, vingefaa watu wengi zaidi. Mafuriko yanaweza kulibomoa jukwaa, ni kweli. Lakini hubomoa barabara pia, na barabara hujengwa tena. Jukwaa hilo lingemsaidia hata mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Ngao, ambaye hana haja ya kuomba msamaha wa ushuru wowote.