Theluji ya kwetu: namna watu walivyopanga safari kwenye mlima wa hatari

Leo tuongee juu ya theluji. Najua kuna atakayecheka: hapa jasho linatiririka tangu saa mbili asubuhi, theluji inatuhusu nini?

Inatuhusu. Kisangani iko karibu nusu digrii kaskazini ya ikweta. Kilele cha Margherita, katika milima ya Ruwenzori, kiko pia chini ya nusu digrii kaskazini. Njo kusema ukitoka hapa na kwenda mashariki karibu kilomita 520, bila kupanda wala kushuka sana kwenye ramani, utafika kwenye barafu. Tofauti ni kimo tu. Sisi tuko kama mita 400 juu ya bahari, Margherita ni mita 5,109. Tulifundishwa katika agronomia kwamba joto linapungua karibu digrii 0.6 kila mita 100 unazopanda. Chukua digrii 25 za hapa, toa digrii 28, unabaki na baridi ya chini ya sifuri. Hesabu ya dakika moja, na theluji ya ikweta haishangazi tena.

Swali langu ni hili: watu walipangaje safari kwenye mlima kama huo, wakati hatari iko juu?

Tuanze na namna inavyofanyika leo huko Ulaya, kwenye milima ya Alpes. Wakati wa baridi watu wengi wanatembea milimani na raketi, yaani viatu vipana kama ungo vinavyofungwa chini ya buti ili mguu usizame. Adui yao mkubwa ni maporomoko ya theluji. Theluji mpya inalala juu ya tabaka dhaifu, uzito unazidi, kisha kipande kizima cha mteremko kinakatika na kushuka kwa mbio. Mengi yanatokea kwenye miteremko ya digrii 30 mpaka 45. Tangu mwaka 1993 nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari, kutoka 1 mpaka 5. Kikifika 4, mtu mwenye akili hatafuti ujanja wa kupita. Anabadilisha njia: anabaki kwenye miteremko iliyolala, chini ya digrii 30, na anaangalia pia kilicho juu yake, juu ya kitu kimoja: maporomoko yanaweza kuanzia mbali na kumfuata chini kwenye bonde. Ama anabaki nyumbani.

Ruwenzori haikuwa na kipimo kama hicho. Lakini ilikuwa na wenyewe.

Wakonzo wa upande wa Uganda, na ndugu zao tunaowaita Wanande upande wetu, wanakaa kwenye miguu ya milima hiyo tangu zamani. Kwa lugha yao theluji ni Nzururu, na jina hilo ni la nguvu kubwa inayokaa juu kule, pamoja na Kitasamba. Wawindaji wao walipanda kutafuta pimbi, walilala chini ya miamba mikubwa iliyoning'inia, na walijua wapi pa kusimama. Wageni wengi waliandika kwamba hao watu waliogopa mlima. Mimi nasoma jambo hilo tofauti kidogo. Mahali ambapo mtu hana viatu, hana kamba na hana blanketi nzito, imani inayosema «usipite hapa» inafanya kazi ileile ya namba 4 ya Wazungu.

Sasa angalia wageni wenyewe. Stanley, ambaye msafara wake ulianzisha mwaka 1883 kituo kilichokuja kuwa mji wetu, alipita karibu na milima hiyo mwanzoni mwa 1876 na hakuona theluji. Mawingu yalifunika kila kitu. Alirudi kupitia mto Kongo na Aruwimi, akaacha watu Yambuya, hapa Tshopo, akakata msitu wa Ituri. Njo Mei 1888 alipoona kitu cheupe mbinguni. Mwanzoni alidhani ni wingu. Vijana wa msafara walisema ni mlima uliofunikwa na chumvi. Wenzake wawili, Jephson na Parke, walikuwa wameuona mwezi mmoja mbele yake. Kumbe mlima mkubwa hivyo unaweza kujificha miaka kumi na miwili kwa mtu anayepita karibu! Somo la kwanza la kupanga safari ni hilo: huwezi kupanga juu ya kitu ambacho wingu halikuruhusu kuona.

Mnamo Novemba 1905 Waingereza wawili, Freshfield na Mumm, wazoefu wa Alpes, walijaribu kupanda. Walikuja na kiongozi mzuri wa milima, lakini walikuja katika mwezi wa mvua. Mvua iliwarudisha. Juni 1906 akaja Mwitalia, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi. Wabeba mizigo wa Kikonzo walisaidia kufikisha vitu Bujongolo, chini ya mwamba mmoja mkubwa kwenye karibu mita 3,800, na pale wakafanya kambi. Tarehe 18 Juni alifika Margherita. Hatari kubwa ya juu kule ilikuwa kingo za theluji zinazotokeza nje ya mgongo wa mlima kama paa la nyumba, bila kitu chini yake. Katika ukungu mtu anaweza kusimama juu ya hewa akidhani ni mlima. Waliondoka kambini mapema, walisubiri ukungu ufunguke, na viongozi wao wa Alpes walitafuta pa kupita kwenye ukingo huo.

Tofauti ya misafara hiyo miwili ilikuwa kalenda kuliko ushujaa. Ruwenzori ina vipindi viwili vya mvua kidogo: kuanzia Desemba mpaka Februari, na Juni mpaka Agosti. Ukiitazama vizuri, inafanana na kalenda ya shamba letu hapa, ambako Januari na Februari, na tena Juni na Julai, mvua inapunguka. Mkulima wa Tshopo na mpanda mlima wanasoma mbingu ileile.

Upande wetu, Wabelgiji walipanda mwaka 1932 na msafara wa Comte Xavier de Grunne, kupitia bonde la Butawu. Njia ya Mutwanga ilikuja kuwa na vibanda vya kulala: Kalonge, Mahangu, Kiondo, Moraine. Kila kibanda ni mpango kwa namna yake. Kinamwambia msafiri: lala hapa, angalia hali, kesho uamue kama unaendelea ama unarudi.

Leo hesabu imebadilika. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilikuwa karibu kilomita za mraba 7.5. Sasa haifiki hata moja, na UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo katika urithi wa dunia zinaweza kwisha kabla ya 2050. Mtu anaweza kufikiri: theluji ikiisha, hatari imeisha. Hapana. Inabadilisha sura. Kilimanjaro, Januari 2006, mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach na kuua Wamarekani watatu. Barafu inayoyashika mawe ikiyeyuka, mawe yanabaki huru. Kasese, Mei 2013, mto Nyamwamba unaotoka Ruwenzori ulijaa na kusukuma mawe makubwa mpaka kwenye makao ya watu. Na huko Kalehe, Kivu Kusini, Mei 2023, mvua ya siku moja iliteremsha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa.

Hapa njo ninapotaka tufikirie pamoja. Fizikia ni moja: uzito mpya juu ya tabaka dhaifu, kwenye mteremko mkali, na maji yanayolegeza kati yake. Theluji ama udongo, mteremko hauulizi. Lakini mwenye raketi ana kitu ambacho mama wa Nyamukubi hana: anaweza kubaki nyumbani. Mama yule nyumba yake iko chini ya mteremko, na shamba lake liko juu yake. Yeye hawezi kusema «leo siendi mlimani».

Kwa hiyo maswali ya mpanda mlima yanapaswa kuwa yetu wataalamu wa kilimo. Mteremko una digrii ngapi? Mvua ngapi imenyesha siku tatu hizi? Kitu gani kiko juu ya hii nyumba? Tukikimbia, tunapita wapi? Ulaya wanapata jibu kila asubuhi kwa ajili ya watu wanaotembea kwa starehe. Kwetu kipimo cha 1 mpaka 5 kingehitajika kwa ajili ya watu wanaolala na kulima chini ya mteremko, na kukitengeneza kunahitaji vipimo vya mvua, ramani za miteremko na mtu wa kupiga kengele kijijini. Hivyo vyote ni kazi ambayo mtu mwenye licence ya agronomia alisomea.